Picha za spika mtandaoni zinatuonyesha nini hasa? Tusaidiane kuzisoma kabla hela haijatoka

Mkaa_Shangani

Wakuu, habari za jioni.

Hela ya korosho imeshaingia kwa wazee, na nyumbani kwetu hapa Mtwara mjini kikao kimekaa kikaamua sebule ipate spika. Mzee anataka za kusikilizia taarifa ya habari na taarabu zake bila kuinamia redio. Mdogo wangu anataka besi ya kutikisa bati. Mimi nimeachiwa kazi ya kutafuta kwa sababu eti ndiye mwenye bando.

Nimezunguka kwenye maduka ya mtandaoni, ya hapa nchini na yale ya China, na kilichonishinda si bei. Ni picha. Sielewi kabisa zinanionyesha nini.

Angalieni hii ya kwanza niliyoambatisha. Sebule nyeupe, kochi jeupe, TV ukutani, spika tano na sabufa, na hakuna waya hata mmoja. Hata soketi ukutani haipo. Mbili kati ya hizo spika zimegeukia dirishani. Sasa anayesikiliza ni nani, jirani?

Ya pili imenichekesha. Spika ya sebuleni, ya mbao, imesimama katikati ya wimbi la bahari, maji yanaruka pande zote. Mimi nimekulia Shangani, bahari tunaiona kila siku, sijawahi kukuta mtu anaogesha spika. Na kwenye maelezo hakuna mahali wanaposema haiingii maji.

Ukubwa ndio usiseme. Picha moja spika inamfika kiunoni dada aliyesimama pembeni. Picha inayofuata, spika hiyo hiyo, iko mezani imelingana na kikombe cha kahawa. Ama dada ni mfupi mno, ama kikombe ni ndoo.

Halafu kuna ile ya bei. Picha ina spika mbili ndefu, bei ya kutupa. Ukibonyeza ndani unakuta machaguo manne, na ile bei uliyoiona nje ni ya rimoti peke yake.

Lakini iliyonileta hapa ni hii ya mwisho, maana ndiyo tuliyoipenda. Mnara mweusi wa mbao, urefu sentimita 60, upana 25, kina 25. Mbele una duara nne. Picha ya nyuma ni nyeusi tupu, ina vishikio viwili vidogo vya waya, chekundu na cheusi, na tundu moja la mviringo linaloweza kuingiza ngumi ya mtoto. Basi. Hakuna waya wa umeme, hakuna swichi, hakuna pa kuchomeka flashi. Uzito wameandika kilo 3.2. Nguvu wati 5,000. Bei nzuri mno. Hii ni nini, na hilo tundu ni la kuchomeka nini?

Korosho_Ghafi

Hilo tundu ni la panya. Msimu ukiisha panya wa maghalani nao wanahitaji pa kukaa.

Naweka kambi hapa, nami natafuta.

FundiKoili_Masasi

Mkaa_Shangani, afadhali umeuliza kabla ya kulipa. Nitajibu kwa kirefu, mnivumilie.

Katika picha zote ulizoweka, inayosema kweli ni moja tu, ya nyuma. Mbele ya spika ni mahali pa kupambwa, kila kiwanda kinajua utaangalia huko. Nyuma hakuna anayepamba, kwa hiyo nyuma ndiko pa kuanzia.

Vishikio viwili bila waya wa umeme maana yake ndani hakuna amplifaya. Ni spika tupu. Itabidi uwe na amplifaya ya kuiendesha na waya wa kuunganisha, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kwenye karakana yangu wameshakuja watu na spika mpya kabisa wakisema "haiwaki". Haiwaki kwa sababu hakuna cha kuwaka. Na tuseme ukweli, hapo muuzaji hajadanganya. Ameonyesha, ila kwenye picha ya saba ambayo watu hawaifiki.

Ukiamua kuzichukua, tafuta pia kama wameandika om ngapi (kipimo cha ukinzani wa umeme), mara nyingi ni 4, 6 au 8. Amplifaya iliyotengenezwa kwa om 8 ukiipa spika ya om 4 na kuifungulia sauti yote, itapata moto, na siku moja utaniletea.

Tundu ni la hewa. Halichomekwi kitu. Koni, ile sahani inayotetemeka kutoa sauti, inapocheza inasukuma hewa ndani ya boksi, na hewa hiyo ikitokea kwenye tundu lililopimwa vizuri inaongeza besi. Ndiyo maana spika yenye tundu nyuma haipendi kubanwa ukutani kabisa, besi inavimba na kuwa ya kuguruma. Angalia ile sebule yako nyeupe uone walivyoiweka.

Sasa uzito. Hapa ndipo ningekaa zaidi, kwa sababu picha inapambwa lakini msafirishaji anapima kilo. Boksi la 60 kwa 25 kwa 25, ukijumlisha mbao za pande zote sita, ni mita za mraba 0.725. Tuseme wametumia MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 12, ambayo ndiyo ya kawaida tu, si ya kifahari. MDF ina uzito wa kama kilo 700 hadi 750 kwa mita moja ya ujazo. Zidisha mwenyewe: boksi tupu, bila koni, bila sumaku, bila skrubu, ni kilo 6 na ushee. Wao wanakuambia kitu kizima ni kilo 3.2. Kwa hiyo ama ni plastiki iliyopakwa rangi ya mbao, ama ubao ni mwembamba wa kupigika kama ngoma, ama vipimo vya urefu ni vya uongo. Chagua unalolipenda.

Na hizo duara nne nina wasiwasi nazo. Kuza picha uniambie: kila duara ina mpira unaoizunguka? Ina skrubu pembeni?

Mkaa_Shangani

Fundi, asante sana. Nimekuza. Mbili za chini zina skrubu nne nne na mpira unaonekana umevimba kidogo. Ya tatu ni ndogo, ina kitu cha rangi ya fedha katikati. Ya juu kabisa haina skrubu, haina mpira, na mng'ao wake wa taa umepita moja kwa moja kutoka kwenye boksi hadi kwenye duara bila kukatika.

FundiKoili_Masasi

Ya juu ni pambo. Imefinyangwa pamoja na uso wa spika, nyuma yake hakuna sumaku wala waya. Ya fedha ni twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, hiyo inaweza kuwa ya kweli. Mpira wa pembeni ndio unaoiruhusu koni icheze. Pasipo na mpira hapachezi kitu.

Ila msije mkaitupa kila duara isiyo na waya. Kuna koni halali kabisa ambayo haina koili (waya uliozungushwa wa kuichezesha) wala sumaku, inasukumwa na hewa ya ndani ya boksi tu. Inafanya kazi ile ile ya tundu. Spika ndogo za Bluetooth nyingi zinazo, zile sahani za ubavuni zinazotetemeka kwenye video za matangazo. Hiyo utaijua kwa mpira mnene na kizito kilichobandikwa katikati. Pambo halina vyote viwili.

BintiNewala

Shikamoo fundi. Na mimi naomba kuuliza. Mjomba ameona sabufa yenye waya wa umeme, wameandika wati 8,000 PMPO, picha ina umeme wa radi unatoka kwenye koni. Anasema akiifungulia Newala watasikia mpaka bondeni Ruvuma. Ni kweli kuna spika ya nyumbani yenye wati 8,000?

FundiKoili_Masasi

Marahaba binti. Mwambie mjomba afanye hesabu ya soketi. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampia 13. Umeme wetu ni volti 230. Ukizidisha hupati hata wati 3,000. Sasa hizo 8,000 zitapita wapi, dirishani?

PMPO, yaani nguvu ya kilele ya papo hapo, haina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda kinajipimia kinavyopenda, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na namba inaongezeka tu. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo. Pasipo na RMS, omba picha ya kibandiko cha nyuma, pale penye volti na hezi, kuna namba ya wati inazokula kutoka ukutani. Sabufa nyingi za mtindo huo ukizigeuza unakuta zinakula wati makumi tu. Zinazotoka haziwezi kuzidi zinazoingia. Kwa sebule, wati 30 au 40 za kweli ni nyingi, mtagombana na majirani.

Marekani walichoka na mchezo huu zamani, mwaka 1974 tume yao ya biashara ikaweka kanuni ya namna amplifaya za nyumbani zinavyotakiwa kutangaza nguvu zake. Sisi tunaletewa makaratasi ya wale waliokimbia kanuni.

Korosho_Ghafi

Kwa hiyo radi kwenye koni nayo si ya kweli?

BintiNewala

Kaka, mjomba nimemwonyesha. Amesema fundi ana wivu.

Mpiga_Rangi_Lindi

Nimefanya kazi ya kutengeneza picha za bidhaa kwa kompyuta, ngoja niseme upande wetu.

Nyingi ya hizo mnazoita picha hazikupigwa na kamera. Ni michoro ya kompyuta. Spika yenyewe inachorwa, mara nyingine hata kabla kiwanda hakijaanza kuitengeneza, halafu inabandikwa kwenye sebule ambayo nayo imenunuliwa tayari. Sebule moja inauzwa kwa watu elfu. Leo inawekwa spika, kesho feni, keshokutwa jiko. Msishangae mkiona kochi lile lile jeupe kwenye tangazo la godoro.

Na si wachuuzi wadogo tu. IKEA, wale wa fanicha wa Sweden, waliingiza kiti kilichochorwa kwa kompyuta kwenye picha zao mwaka 2006, kiliitwa Bertil, na kufikia 2014 wenyewe walisema kama asilimia 75 ya picha zao za bidhaa ni za kuchora. Tofauti ni kwamba wao wanachora kitu kilichopo kwa vipimo vyake. Huku kwingine tunaletewa picha ya spika na kuambiwa "ifanye ionekane kubwa". Unaipunguza kochi, kazi imekwisha.

Waya hatuzichori kwa sababu mteja anasema zinachafua picha. Hata spika zinazoitwa hazina waya, zile za nyuma ya kochi, nyingi zinahitaji waya wa umeme kila moja. Kisicho na waya ni sauti tu, umeme bado unatoka ukutani. Hesabuni soketi za sebule zenu kabla hamjaagiza tano.

Spika kugeukia dirishani ni kwamba mchoraji hajali sauti. Anatafuta pembe ambayo mwanga unaonyesha mbao vizuri. Mimi nimewahi kuilaza sabufa ubavu ili ienee kwenye fremu.

Njia rahisi ya kugundua: fuateni vivuli. Kivuli cha kochi kinakwenda kushoto, cha spika kinakwenda kulia, au spika haina kivuli kabisa inaelea. Hiyo imebandikwa. Haimaanishi spika ni mbovu, inamaanisha ukubwa wake kwenye hiyo picha hauna maana yoyote.

Mkaa_Shangani

Sasa ukubwa utaujuaje kama vipimo wanaweza kudanganya na picha nayo inadanganya?

Mpiga_Rangi_Lindi

Tumia vitu ambavyo haviwezi kubadilika ukubwa. Tundu la flashi, ile USB ya kawaida, linapokea plagi ya milimita 12 kwa upana, dunia nzima. Chukua picha ambayo tundu hilo na koni vinaonekana upande mmoja, weka rula kwenye kioo cha simu. Tuseme tundu limetoka nusu sentimita na koni sentimita nne na nusu. Koni ni mara tisa ya tundu, tisa mara 12 ni milimita 108, kama inchi nne na kidogo. Wao wameandika sabufa ya inchi nane. Umemaliza.

Angalizo: picha iwe imepigwa uso kwa uso. Ya kuinama pembeni inadanganya, kilicho karibu na kamera kinavimba.

FundiKoili_Masasi

Hii ya rula nimeipenda, naiba.

Mnazi_Mmoja_Njiapanda

Nyie mnahangaika sana. Nenda Kariakoo, au hapo hapo Mtwara madukani, sikiliza kwa masikio yako, beba. Mtandaoni ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Mkaa_Shangani

Mkuu, madukani nimeenda. Wanapiga wimbo mmoja wa besi kuanzia asubuhi mpaka wanafunga, sauti ya mwisho, nje barabarani. Nikaomba waniwekee taarifa ya habari nisikie kama mtangazaji anaeleweka, jamaa akanitazama kama nimemtukana. Na aina ni zile zile tatu duka kwa duka.

Mnazi_Mmoja_Njiapanda

Hapo kwenye taarifa ya habari umenishinda 😂

Mama_Wawili_Mikindani

Habari zenu. Mimi nauliza kuhusu zilizotumika. Kuna kijana kwenye kundi la kuuza vitu anauza spika kubwa za zamani, za mbao kweli, nzito. Picha zote kaweka zimevaa kitambaa chake mbele. Nimemwomba avue, anasema kitambaa hakivuliki. Bei inavutia.

FundiKoili_Masasi

Dada, kwenye spika nyingi za zamani kitambaa kinavuliwa kwa vidole, kimeshikwa na vipini vya plastiki kwenye kona. Asiyetaka kukivua nina mashaka na anachokifunika.

Spika za zamani nyingi mpira wa pembeni ya koni ni wa sponji. Sponji ile inaoza kwa umri, na unyevu unaisaidia, nanyi mko ufukweni. Kwa macho inaweza kuwa nzima, ukiigusa kwa kidole inabaki kidoleni, vumbi la kunata. Koni ikishakosa mpira inakwaruza, sauti inakuwa na mchanga. Inarekebishika, unabadilishwa mpira wa pembeni tu, lakini ujue bei ya hiyo kazi kabla ya kukubaliana naye. Mwombe video: kitambaa kimevuliwa, anasukuma koni taratibu kwa vidole vitano, muziki wa sauti ndogo. Akikataa na hilo, muache na mbao zake.

Mama_Wawili_Mikindani

Asante kaka. Namwandikia sasa hivi.

Ruangwa_Jiwe

Niongeze la plagi, nimeona kwenye picha ya tano ya Mkaa pini mbili bapa. Hizo ziko Marekani na ziko China pia. Marekani umeme ni volti 120, China ni 220. Kwa hiyo plagi ikiwa bapa huwezi kujua chochote mpaka usome kibandiko. Pakiandikwa 100-240V chomeka kwa amani, ukiwa na adapta ya pini. Pakiandikwa 110 au 120 peke yake, ukichomeka huku utasikia sauti moja tu, ya mwisho.

Pia pitisha picha kwenye Google Lens, ile ya kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha. Spika hiyo hiyo utaikuta ina majina sita tofauti, kila duka na nembo yake, maana kiwanda ni kimoja na picha ni ya kiwanda. Faida yake ni kwamba mojawapo ya hayo maduka huwa limeweka picha ya kibandiko, au mteja amepiga picha ya kwake sakafuni, na vikorokoro vyake vyote nyuma. Hiyo ya mteja ndiyo ya kuangalia, ina waya.

Korosho_Ghafi

Na ukitapeliwa je? Maana wengine huku tumeshalipa kwa simu.

Ruangwa_Jiwe

Muuzaji akiwa wa ndani, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Tunza picha ya skrini ya tangazo, tarehe ionekane, pamoja na ujumbe wa malipo. Akiwa wa nje, tegemea utaratibu wa saiti yenyewe wa kurudisha hela, na usikubali mzungumze nje ya saiti. Kwa mizigo ya Dar inayokuja na basi, kubaliana mapema kwamba unafungua pale pale stendi mbele ya wakala. Hasa masika, barabara ya Lindi inapokatika mzigo unakaa njiani, ukifika kila mtu anamsukumia mwenzake.

Mkaa_Shangani

Wakuu, mrejesho mfupi. Nimemwandikia muuzaji wa mnara: naomba picha ya kibandiko cha nyuma, om ngapi, na mnara mmoja uwekwe kwenye mzani. Amejibu haraka sana, "hello dear", akanitumia tena ile picha ya spika ndani ya wimbi.

Mzee amesikia habari ya amplifaya kununuliwa pembeni, amesema mnara basi. Tumehamia kwenye spika mbili ndogo za kuweka kwenye kabati, zenye amplifaya ndani, kibandiko kinaonekana: 100-240V, RMS wati 42 kwa zote mbili, kilo 4.9. Kuna mteja amezipiga picha juu ya friji. Swali la mwisho kwa fundi: kwenye tangazo zimewekwa chini sakafuni, pembeni ya chungu cha maua. Nasi tuziweke chini?

FundiKoili_Masasi

Hapana. Twita iwe usawa wa masikio ya mzee akiwa amekaa kwenye kiti chake, la sivyo mtangazaji atasomea magoti. Umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kutoka kila spika mpaka kwenye kiti, na zimwelekee yeye kidogo. Kilo 4.9 kwa mbili si mbaya.

Mdogo wako mwambie bati halitatikisika.

Mkaa_Shangani

Ameshasoma uzi wote. Anauliza bei ya sabufa ya mjomba wa Newala.